Magoti ya mabeki wa zamani Kilwa na dawa isiyouzwa dukani

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

JUMAMOSI, saa 10 jioni, uwanja wa mchanga hapa Kilwa Masoko. Maveterani wa mitaa miwili wanacheza bonanza, dau ni mbuzi mmoja na kreti mbili za soda. Dakika ya 12 beki mmoja anashika goti, anachechemea mpaka kwenye mwembe na kukaa. Dakika ya 20 anamfuata mwenzake. Inapofika mapumziko, chini ya mwembe kuna watu wengi kuliko uwanjani, na kila mmoja amenyoosha mguu mmoja mbele.

Ukitaka kuwajua mabeki waliotamba Kilwa miaka ya 1990, usiangalie uwanjani. Angalia mwembeni.

Mjomba wangu alikuwa pale tangu filimbi ya kwanza. Hakuvaa hata jezi. Ana miaka 58, na alikuwa beki wa kati wa zama zile ambazo beki alisifiwa kwa mlio wa ugoko. Amecheza Masoko, Kivinje na Nangurukuru, amecheza mpaka Uwanja wa Ilulu pale Lindi mjini, na mara nyingi alicheza peku au kwa njumu za kuazima zenye namba isiyo yake. Leo hawezi kuchuchumaa. Msikitini anasali juu ya kiti cha plastiki, pembeni ya safu ya nyuma. Akitaka kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani kwa dada yake, lazima vijana wawili wamnyanyue kumpandisha kwenye mashua, na hilo la kunyanyuliwa linamuuma kuliko goti lenyewe.

"Mimi niliyekuwa nawarusha mastraika, leo napakiwa kama gunia la ufuta," aliniambia.

Nilicheka. Usiku nikiwa nyumbani sikucheka tena.

Huu ni mwaka wangu wa nne naandika habari za mpira. Sijui ni mara ngapi nimeandika kuwa mchezaji fulani "atakuwa nje kwa wiki sita". Sijawahi kuandika goti hilo hilo linakuwaje miaka 30 baadaye, wakati hakuna kocha wala mwandishi anayeliulizia. Hivyo nikaamua kumfuata mjomba mpaka hospitali, daftari mkononi kama ninavyokwenda mazoezini.

Kiungo asiye na wa benchi

Kwenye kurasa hizi kiungo ni mtu, anavaa jezi namba 6 au 8. Leo nazungumzia kiungo cha mwili, pale mfupa unapokutana na mfupa. Kazi zao hazipishani sana, ila huyu wa mwilini hana mtu wa kumpokea benchi.

Chukua paja la kuku. Ukimaliza nyama, mwishoni mwa mfupa unakuta kitu cheupe, kinang'aa na kuteleza, watoto wanapenda kukitafuna. Hiyo ndiyo gegedu. Na sisi tunayo, kwenye goti, nyonga, kifundo cha mguu na vidole. Kazi yake ni kuufanya mfupa uteleze juu ya mwenzake bila kukwaruzana. Tatizo lake ni moja: gegedu haina mishipa ya damu. Ukikatwa mkono damu inakuja, kidonda kinafunga. Gegedu ikichubuka haina fundi wa haraka, inapona kwa shida sana au haiponi kabisa.

Ikilika, mambo hayaishii hapo. Mfupa ulio chini yake unakuwa mgumu, kingo zake zinaota vinundu. Ngozi laini inayozunguka kiungo kwa ndani inakasirika, inavimba na kumwaga maji. Mtu akiumwa anaacha kutembea, akiacha kutembea misuli ya paja inanyauka, na misuli ikinyauka goti linabaki bila mlinzi. Mtaani tunaita magoti kusagika. Madaktari wanaita osteoathraitisi, na wanasisitiza kwamba kinachoumwa ni kiungo kizima, wala si gegedu peke yake.

Nimeyasikia maelezo mengine mengi kijiweni. Kuna wanaosema ute umekwisha, kama vile goti ni gari la kuongezwa oili. Wengine wanasema ni baridi ya bahari. Na kwa mchezaji, hasa huku kwetu Kusini, lipo lile la "amekanyaga kitu", kwamba wapinzani walitega golini. Mjomba aliliamini hilo kwa miaka miwili na likamgharimu majogoo kadhaa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu, na goti ndilo linaloongoza, watu milioni 365. Karibu asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake. Kwa hiyo huu si ugonjwa wa maveterani tu. Kina mama wanaoinama kwenye mwani maji yakikupwa, wanaookota korosho siku nzima, wanaochuchumaa jikoni tangu alfajiri, nao wamo, tena ndio wengi. Hawana mwembe wa kukaa na kuhesabiana magoti, ndiyo maana hatuwaoni.

Umri unachangia, uzito unachangia, kurithi kwa wazazi kunachangia, na kazi za kubeba na kuchuchumaa zinachangia. Lakini kwa mwanasoka kuna jambo moja kubwa linalowapita wengine wote, nalo ni jeraha la zamani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, waliwafuatilia wachezaji wastaafu wa kulipwa zaidi ya 1,200 na kuwalinganisha na wanaume wa kawaida zaidi ya 4,000. Matokeo yalitoka mwaka 2018: waliocheza mpira walikuwa na maumivu ya goti na magoti yaliyosagika mara mbili hadi tatu zaidi ya wenzao. Utafiti mwingine unaotajwa sana unasema hivi: mtu akichanika ligamenti ya katikati ya goti, au akichanika vile vibao viwili laini vya kupunguza mtikisiko humo ndani, uwezekano ni kama nusu kwa nusu kwamba ndani ya miaka 10 hadi 20 goti hilo litakuwa limesagika na linauma.

Piga hesabu mwenyewe. Kijana anaumia akiwa na miaka 19. Akifika 35 bado ana watoto wa shule ya msingi, goti lake lina miaka 60.

Wakubwa hawakupona

Wasomaji wa umri wa mjomba wanamkumbuka Marco van Basten. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Ulaya mwaka 1993, AC Milan dhidi ya Marseille, akiwa na miaka 28. Kifundo cha mguu kilikuwa kimekwisha. Alihangaika na upasuaji kwa miaka miwili, mwaka 1995 akatangaza kuacha.

Gabriel Batistuta, yule Muargentina aliyekuwa akipiga shuti kipa anafumba macho, aliacha mpira mwaka 2005. Baadaye alisimulia hadharani kwamba maumivu ya vifundo yalifika mahali alishindwa kutoka kitandani kwenda msalani, akamwendea daktari wake na kumuomba amkate miguu. Daktari alikataa. Huyo ni mtu aliyekuwa na pesa, na madaktari bora walikuwa jirani yake.

Halafu kuna Ledley King wa Tottenham. Goti lake moja halikuwa na gegedu ya maana, hivyo hakufanya mazoezi na wenzake, alikuwa anapumzika wiki nzima ili acheze Jumamosi. Alistaafu mwaka 2012 akiwa na miaka 31. Tulimsifu sana kwa hilo, mimi mwenyewe nikiwa mtoto niliona ni ushujaa. Siku hizi nikikumbuka, najiuliza anapandaje ngazi za nyumbani kwake.

Vidonge vya mjomba

Mjomba hakuwa na daktari wa klabu. Alikuwa na duka la dawa.

Kwa miaka sita alinunua diklofenaki, ambayo wengi tunaijua kama diklopa, vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, siku nyingine vitatu kama kuna safari. Hakuna aliyemuandikia. Hakuna aliyemuuliza kama anameza kwa chakula au kwa chai kavu. Kwenye duka lile walikuwa wakimuona tu anaingia wanaanza kuhesabu vidonge kwenye bahasha. Na vilimsaidia, huo ndio ukweli wenyewe. Vilimsaidia kiasi kwamba aliendelea kucheza maveterani juu ya goti lililovimba, maana dawa ile inazima kengele, moto unaendelea.

Mwaka juzi akaanza kupata choo cheusi kama lami. Akanyamaza, aliona aibu kusema. Siku ya tatu alianguka bafuni. Ilikuwa damu ya tumboni, vidonda vilivyochimbwa na vidonge. Alitundikiwa chupa mbili za damu, na kama shangazi asingekuwa nyumbani siku ile, mimi leo nisingekuwa naandika makala hii kwa namna hii.

Dawa za kundi hilo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, zikitumika kiholela zinachimba tumbo, zinapandisha presha na kuumiza figo. Hii si hadithi ya Kilwa peke yake. Daniel Agger, beki wa Denmark aliyecheza Liverpool, alistaafu mwaka 2016 akiwa na miaka 31 na akakiri wazi kwamba kwa miaka mingi alimeza dawa za kupunguza uvimbe kupita kiasi ili aendelee kucheza. Akawaonya wachezaji wengine wasimuige.

Maswali mengi, kipimo kimoja

Tulikwenda Lindi mjini kumuona daktari wa mifupa. Basi la alfajiri, na ukijumlisha kurudi, siku nzima imekwenda. Mjomba alivaa kanzu safi na kofia, na njiani alinieleza anachotaka: apigwe picha kubwa ile ya kuingia kwenye mtungi, kisha achomwe sindano ya ute. Alikuwa na akiba ya korosho mfukoni kwa kazi hiyo.

Daktari, kijana asiyenizidi sana umri, alimuamkia, akamkalisha, akaanza kuuliza. Maumivu yanakuja wakati gani, ukitembea au ukilala? Asubuhi ukiamka goti linakaza kwa muda gani? Liliwahi kuumia? Vidole vya mikono vinavimba? Umepata homa? Dole gumba la mguu limewahi kukuwakia usiku ghafla?

Mjomba alinikonyeza, kama kusema huyu mtoto anapoteza muda. Kumbe kipimo chenyewe ndicho kile.

Nilivyoelewa mimi, mtu akiwa na miaka 45 na zaidi, kiungo kinauma akikitumia na kutulia akipumzika, na asubuhi hakikazi au kinakaza kwa muda usiozidi nusu saa, daktari anaweza kuutambua ugonjwa huu bila mashine yoyote. Maswali yaliyobaki ni ya kuwaondoa wapinzani wengine uwanjani. Baridi yabisi hukaza viungo asubuhi kwa muda mrefu, hata saa nzima, na hupenda viungo vidogo vya mikono yote miwili. Jongo huja ghafla, mara nyingi usiku, na hupenda dole gumba la mguu. Hapo ndipo vipimo vya damu vinaposaidia. Kiungo chenye moto na homa kinaweza kuwa na usaha, na hicho si cha kusubiri kesho. Na kijana mwenye selimundu akilalamika nyonga, asiambiwe ni mpira tu, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kuukosesha damu.

Baada ya maswali akashika goti. Akalikunja na kulinyoosha huku kiganja kikiwa juu yake, na mimi niliyekuwa nimekaa mita moja nilisikia kra, kra, kama mtu anayetembea juu ya changarawe. Akampima nguvu ya paja. Akamwambia atembee kwenda mlangoni na kurudi.

Eksirei ilipigwa moja, akiwa amesimama. Hilo nalo nilijifunza: ukipigwa ukiwa umelala, nafasi kati ya mifupa inaweza kuonekana nzuri kumbe ukisimama mifupa inagusana. Picha ya mjomba ilionyesha upande wa ndani wa goti la kulia nafasi imebaki kama uzi, na kingoni vinundu. Lakini daktari alitutahadharisha tusiiamini sana picha. Wapo wenye picha mbaya kabisa na wanatembea vizuri, wapo wenye picha ya wastani na hawalali. Anayetibiwa ni mtu.

Ile picha kubwa ya kwenye mtungi, yaani MRI, alisema haihitajiki. Sindano ya ute nayo alisema hapana, ni ghali na faida yake ni ndogo. Sindano ya kupunguza uvimbe ipo, inatuliza kwa wiki chache, lakini ikirudiwa rudiwa inaweza kuila gegedu iliyobaki. Vile vidonge vya kurudisha gegedu vinavyouzwa kwenye makopo, majaribio makubwa hayakuona faida ya maana.

"Sasa mimi unanipa nini, daktari?" mjomba akauliza.

Daktari akavuta kiti cha mbao katikati ya chumba. Akamwambia akae, kisha asimame bila kushika popote. Mara 10.

Mjomba aliweza mara nne.

Kwenye basi la kurudi hakusema na mimi mpaka tunakaribia Nangurukuru. Hapo ndipo alipofungua mdomo. "Mjomba, nimepanda basi toka alfajiri, nimekwenda mpaka Lindi, nikaambiwe nikae na nisimame?"

Kilo saba

Nitasema kama nilivyoliona, na sisemi kila goti litakwenda hivyo.

Aliandikiwa mambo manne. Kwanza kiti: kukaa na kusimama, raundi tatu kwa siku, kuanzia alipoweza. Pili, akiwa amelala chali, kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, kuhesabu mpaka tano, kuushusha polepole. Tatu, kutembea kila siku, naye alichagua ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kwenye ule mchanga mgumu. Nne, kupunguza uzito. Kwa maumivu alipewa dawa ya kupaka, ambayo haipiti tumboni kwa wingi kama vidonge, na akakatazwa kabisa kurudi kwenye diklopa. Na akanunua mkongojo. Hapa karibu wote tunakosea: goti bovu likiwa la kulia, mkongojo unashikwa mkono wa kushoto. Mjomba alibishana na mimi wiki nzima kuhusu hili mpaka alipojaribu mwenyewe.

Wiki mbili za kwanza alisema maumivu yameongezeka, nikaogopa. Daktari alikuwa ametuambia kipimo: maumivu ya mazoezi yakitulia kufikia kesho yake, endelea, yakizidi na goti likivimba, punguza, usiache. Misuli ya paja ndiyo mabeki wa goti. Ikiwa imelala, kila hatua inampiga kipa.

Uzito ndio uliokuwa mgumu. Alikuwa na kilo 94. Muwamba wa pwani umuondolee maandazi ya asubuhi na wali wa nazi wa usiku, hapo umetangaza vita. Shangazi alisimama kidete. Watafiti wanasema kila kilo moja inayotoka mwilini inapunguza kama kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Baada ya miezi mitatu mjomba alikuwa na kilo 87. Kilo saba mara nne ni 28, zaidi ya nusu mfuko wa saruji, umeshushwa kwenye goti kila anapokanyaga.

Sasa anakaa na kusimama mara 14. Anatembea mpaka bandarini na kurudi. Wiki tatu zilizopita alipanda mashua ya kwenda Kisiwani kwa miguu yake, akamshika nahodha bega tu. Kusujudu bado, kiti cha plastiki kipo pale pale. Kuchuchumaa bado, na fundi amejenga choo cha kukaa. Siku za mvua goti linamuuma, anasema hivyo na mimi sibishani naye.

Kama hali ingegoma ipo njia ya mwisho, kubadilishiwa goti: uso wa mifupa uliolika unaondolewa na kuwekwa chuma na plastiki. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inafanya upasuaji huo hapa hapa nchini. Takwimu kutoka nje zinaonyesha magoti kama manane kati ya 10 yaliyobadilishwa kikamilifu yanafika miaka 25. Lakini gharama ni mamilioni, na kwa mtu wa Kilwa kuna safari. Mnakumbuka Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Wakati ule hata mwenye rufaa mkononi alibaki nyumbani kuangalia maji.

Kwa wengi ngazi inaanza karibu zaidi: zahanati ya kijiji, Hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine Lindi mjini, na siku hizi ipo ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, Mtwara. Kiti cha mbao kila nyumba inacho.

Winga wa miaka 19

Sasa nieleze jambo ambalo sikuwa nimepanga kuliandika.

Mwezi uliopita niliripoti nusu fainali ya ndondo hapa Kilwa. Kulikuwa na winga wa kushoto, miaka 19, kasi kama upepo wa kusi. Dakika ya 30 aligeuka peke yake, hakuguswa na mtu, goti likalia, akaanguka. Alitolewa nje. Daktari wa timu, ambaye kwa kazi yake halisi ni dereva wa bodaboda, alimwagia maji ya barafu na kumpulizia dawa ya kopo. Kufikia mapumziko goti lilikuwa limejaa kama nazi. Mtu mmoja akaja na sindano, sijui ya nini, wakamchoma, wakafunga bandeji, akarudi uwanjani dakika ya 60. Akatoa pasi ya bao la ushindi.

Mimi niliandika kwamba alionyesha moyo wa simba. Nenda kaangalie, ipo, na jina langu lipo juu yake.

Nilipomsimulia yule daktari wa Lindi kwa simu, alikaa kimya kidogo. Goti linalojikunja vibaya na kujaa ndani ya saa chache, akasema, mara nyingi ni damu iliyo ndani, na mara nyingi ni ligamenti imechanika. Kila dakika anayocheza goti likiwa halina mshikaji, gegedu inasagwa. Akaniuliza fainali ni lini. Nikamwambia Jumapili.

Kwa timu kubwa mambo ni tofauti. Namungo ya Ruangwa, iliyopanda Ligi Kuu na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ina watu wa kazi hiyo. Ndondo haina. Lakini hata ndondo inaweza kufanya ule mpango wa kupasha misuli moto wa FIFA, unaoitwa 11+. Ni dakika 20 tu, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira na nafasi, na tafiti zinaonyesha unapunguza majeraha kwa karibu theluthi moja. Hapa kwetu kupasha moto ni kupiga mashuti golini mpaka refa afike.

Nilimwambia mjomba habari za winga. Hakujibu. Kesho yake asubuhi alichukua mkongojo, mkono wa kushoto, akatembea mpaka nyumbani kwa kijana huyo, karibu kilomita nzima. Alimkuta uani, mguu juu ya ndoo. Mjomba akapandisha kanzu yake mpaka juu ya goti na kumwambia aliguse. Akalikunja na kulinyoosha huku mkono wa kijana ukiwa juu. Kra, kra.

"Nilikuwa na miaka 20, mwanangu," alimwambia. "Na mimi nilirudi kipindi cha pili."

Mama wa kijana alikuwa mlangoni anasikiliza. Mwisho wa mazungumzo ni yeye aliyechukua jezi iliyokuwa kwenye kamba na kuiingiza ndani.

Fainali ilichezwa Jumapili, watu walijaa mpaka barabarani. Winga hakupangwa. Timu yake ilifungwa 1-0, na jioni ile kijiweni walimlaumu mjomba kwa majina ambayo mhariri wangu hatayapitisha. Kijana ana miadi ya kliniki ya mifupa Jumatatu ijayo. Nauli ya basi tumechanga watatu: mimi, mjomba, na yule dereva wa bodaboda.